Hatua Sitini Kutoka kwa Sumaku

Mama yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Alinizaa mimi peke yangu, akanisomesha kwa jasho lake, nami nikasoma mpaka ng'ambo, na huko nikajifunza kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja katika vilima vya Mbumbuni aliyekihitaji. Nilijifunza jinsi sumaku ya dunia inavyonasa gesi yenye umeme huko juu, mbali kupita mawingu, na jinsi gesi hiyo, iitwayo plazma, inavyotikisika upepo wa jua unapoipiga. Haionekani, haisikiki, hainuki. Mimi niliipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na nalisema mapema ili msomaji asinihurumie bure.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya sabini kwa sababu mama alikuwa anaugua miguu. Nikapata kazi ya kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya wasichana, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwetu. Mama alinitazama mwaka mmoja, akanitazama wa pili, akaona hakuna mkwe atakayebisha hodi. Basi akaoa yeye.

Kwetu Ukambani jambo hilo lipo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari, akaleta msichana nyumbani, na watoto wa msichana huyo, kwa mwanamume yeyote atakayemchagua mwenyewe, wakawa wa nyumba ile na jina lile. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Wazee wa kanisa walikuja kulalamika, wakakaa kwenye viti vyetu na kunywa chai yetu. Mama akawaambia wamletee mjukuu kwanza, halafu wamhubirie watakavyo.

Msichana alitoka upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Alikuwa mrefu, mchapakazi, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema ndipo ajibu. Kwa hesabu ya mila alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka huyo hakuwahi kuzaliwa. Nikamwita wifi, naye akaniita wifi, na baada ya miaka miwili akamzaa binti aliyepewa jina la mama, kwa hiyo hata mimi nilimwita mtoto yule mwaitu, kama nilivyomwita mama mwenyewe.

Sasa niseme juu ya kibanda, maana bila kibanda haya yote hayaeleweki.

Profesa wangu wa ng'ambo aliniandikia kwamba eneo letu, karibu na ikweta ya sumaku, mstari ambako sumaku ya dunia inalala chali, halina mtu anayepima. Akanitumia chombo. Kilikuwa kisumaku kidogo kilichoning'inizwa kwa uzi mwembamba, na juu yake kioo cha ukubwa wa ukucha. Taa ilimulika kioo, kioo kikarudisha mwanga kwenye karatasi ya picha iliyozungushwa na saa. Plazma huko juu ikitikisika, kisumaku kinatikisika, na karatasi inachorwa mstari wenye mawimbi. Ndio upimaji wenyewe. Mtu akipita karibu na jembe begani, karatasi nayo inamchora.

Kwa hiyo chuma kilipigwa marufuku. Barua ya profesa ilisema kisifike chuma ndani ya hatua mia moja. Mafundi walijenga kibanda kwa udongo, miti na kamba za mkonge, bila msumari hata mmoja. Funguo zilitundikwa kwenye mti nje ya ua. Majembe na mapanga yalilala huko huko. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kuona ndani, nikamvua mkanda na viatu vyenye misumari, akaingia ameshika suruali kwa mikono miwili, na kijiji kizima kikacheka mwezi mzima.

Tatizo lilikuwa nyumba. Nyumba yetu ilikuwa hatua sitini tu kutoka kwenye kibanda. Miaka ile kila boma lilikuwa linavua nyasi na kuvaa mabati. Akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi kwa zamu, walichanga wakamwezeka huyu, wakamwezeka yule, na zamu ya mama ilipofika mimi ndiye niliyetoka nje nikawaambia hapana. Mama aliishi chini ya nyasi zinazovuja mpaka mwisho wake. Hakulalamika. Alisema tu kwamba labda hicho kitu changu kingekuwa kinazaa, angeelewa.

Wifi alijifunza kazi ya kibanda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, na nimefundisha wengi. Nilipokuwa shuleni yeye ndiye aliyebadilisha karatasi saa sita mchana. Alitoa pini kwenye lesso yake, akaitundika mtini, akaingia gizani na taa nyekundu, akatoa ya zamani na kufunga mpya kwa vidole tu. Hakuwahi kuharibu hata moja. Mimi nimeharibu kumi na zaidi.

Siku moja alirudi kutoka mtoni na ndoo ya plastiki kichwani, kwa sababu debe la bati nilikuwa nimelikataza. Juu ya maji alikuwa ameweka tawi la majani kama wanavyofanya wanawake wote ili yasimwagike. Akaishusha, akaniuliza, "Wifi, hiyo kitu mnapimanga huko ndani, hata ni nini?"

Nikamwonyesha maji yale. Nikaondoa tawi, nikaigusa ndoo, maji yakayumba huku na huku. Nikamwambia maji yana mwendo wao. Uyasukume polepole au kwa haraka, ukiyaachia yatayumba kwa mwendo ule ule, kulingana na ndoo ilivyo na yalivyojaa. Plazma ndivyo ilivyo. Kazi yangu ni kukisia ndoo ilivyo, kufanya hesabu ya mwendo, kisha kulinganisha na karatasi.

Akatazama maji mpaka yakatulia. "Na hiyo ndoo yenu, mdomo wake iko wapi?"

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Mfano wangu ulikuwa na ukuta mmoja tu, ule wa nje kabisa, pale upepo wa jua unapogonga sumaku ya dunia. Hesabu ilinipa mwendo wa dakika kadhaa, na karatasi zilisema sekunde arobaini, na kwa miaka miwili nilikuwa nimelaumu karatasi. Kumbe ndani yake kuna ukingo mwingine, mahali ambapo plazma nzito inaisha ghafla na nyepesi inaanza. Nikaweka ukuta hapo. Hesabu zenyewe zilikuwa za kuchosha: unakisia mwendo, unapiga hatua ndogo ndogo kutoka ardhini kwenda juu, na ukifika ukutani jibu lisipolala kwenye sifuri, unafuta na kukisia upya. Nilizifanya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mashine hiyo ilikuwa ya chuma, kwa hiyo ilikaa shuleni, na kila jioni baada ya vipindi nilibaki na huyo rafiki yangu wa chuma mpaka mlinzi aje kunifukuza. Baada ya miezi mitatu jibu lilianza kusogea kwenye sekunde arobaini.

Mama alifariki mwaka huo. Akili zake zilikuwa timamu mpaka mwisho. Alinishika mkono akasema jambo moja tu: "Huyo msichana asiondoke hapa. Akienda, mimi sikuwa na nyumba." Nikaapa. Kuapa ni rahisi mtu anapokushika mkono.

Tukabaki wanawake wawili na mtoto. Nitasema ukweli: hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na raha, na sikujua. Nilitoka kazini nikakuta moto umewashwa. Tulikula bila maneno mengi. Mtoto alilala magotini mwangu huku nikisoma karatasi kwa rula na lenzi, na wifi alihesabu mawimbi kutoka upande wa pili ili tuone kama tunakubaliana. Sikuwahi kumwambia kwamba napenda iwe hivyo. Nilidhani inaonekana.

Kisha zamu yake ya mwethya ikafika. Wenzake wakamuuliza anataka nini, naye hakutaka mabati wala mbuzi. Alitaka cherehani. Alikuwa amejifunza kushona kwa dada yake huko Kitui kabla hajaolewa, na sikuwa nimewahi kumuuliza.

Walikuja nayo Jumamosi asubuhi, wanawake kama ishirini, wanaimba. Mmoja alibeba kichwa cha cherehani, wawili wakabeba miguu yake ya chuma, na wifi mbele amejifunga lesso mpya, anatabasamu mpaka meno ya mwisho. Mimi nilitoka kibandani. Nikasimama kwenye mlango wa ua.

"Hiyo haiingii," nikasema.

Sauti zilikufa moja moja, za mbele kwanza. Kiongozi wao akadhani natania. "Mwalimu, hii si mabati. Ni cherehani tu. Atashonea ndani ya nyumba."

"Nyumba iko ndani ya hatua mia. Chuma ni chuma."

"Na yeye atashonea wapi?"

Nikamgeukia wifi. Nayakumbuka maneno yangu yote, kwa bahati mbaya. Nilimwambia, "Mimi natembea saa nzima kwenda kwa mashine yangu. Na wewe tembea kwa yako."

Alinitazama mpaka nilipomaliza, na nilipomaliza aliendelea kutazama. Kisha akawageukia wenzake na kuwaambia wampelekee sokoni Mbumbuni, kuna chumba nyuma ya duka la mbegu. Wakageuka na ule mzigo wao. Walipofika kwenye mteremko mmoja wao akajaribu kuanzisha wimbo tena, hakuitikiwa.

Kuanzia hapo alienda sokoni kila siku. Alibadilisha karatasi saa sita kwa kurudi mbio, akaondoka tena. Nilikuta moto umezimika. Chakula kilikuwa kimefunikwa vizuri, lakini kilikuwa cha mtu mmoja. Nilijiambia kwamba kazi ni kazi na sayansi haina huruma, na maneno mengine kama hayo yanayomfaa mtu ambaye hataki kuomba msamaha.

Mwishoni mwa mwaka niliitwa Nairobi kusahihisha mitihani ya kitaifa, wiki mbili. Niliporudi nikazikuta karatasi zote kumi na nne kwenye sanduku la mbao, zimepangwa kwa tarehe. Nikaziosha kwenye dawa moja baada ya nyingine. Nne za katikati zilinisimamisha. Mawimbi yalienda saa baada ya saa, safi, yamelingana, sekunde arobaini, arobaini na moja, arobaini. Nilikuwa nimengoja miaka mitano kuona siku moja ya namna hiyo, na hapa zilikuwa nne mfululizo. Nikatoka mbio kama mtoto na karatasi inadondosha maji.

"Wifi! Hizi ndizo bora tangu tuanze. Ulifanya nini?"

Alikuwa anachambua maharagwe. Aliacha. "Hakuna kitu mbaya ndani?"

"Hakuna hata doa."

"Angalia tena, wifi. Hakuna kitu ingine imejiandika hapo?"

"Nakwambia ni safi! Jua lenyewe halijawahi kuandika vizuri hivi."

Akayarudia maharagwe yake. Mimi nikarudi kibandani kwa furaha yangu.

Mwezi uliofuata akaniambia amepata chumba Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa, madereva wa lori wanataka viti vyao vivalishwe, kazi ni nyingi. Alisema nikiwa nasahihisha madaftari. Nilitakiwa niinuke. Nilitakiwa niseme kiapo changu kwa mama, au niseme ukweli ulio rahisi zaidi, kwamba bila yeye sitaweza. Nikauliza, "Na karatasi atabadilisha nani?"

"Utatafuta mtu," akasema.

Alimchukua mtoto Jumatatu. Mwaitu mdogo alinipungia mkono mpaka kona, na nilipoingia ndani niligundua kwamba sikuwa nimewahi kuisikia nyumba ile ikiwa tupu. Nyasi za paa zina sauti. Niliisikia kwa miezi minane.

Niliandika makala yangu katika miezi hiyo. Karatasi zile nne ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wake, na ukuta wa ndani ndio ulikuwa wazo lake kuu. Nilimshukuru profesa, nikaishukuru shule. Aliyeuliza mdomo wa ndoo uko wapi sikumtaja, na wakati huo hata haikunijia akilini kwamba ningeweza.

Profesa akajibu kwa maswali, kama ilivyo desturi. Moja lilisema: taja vitu vyote vya chuma vilivyo karibu na chombo, umbali wa kila kimoja, na kwa kila kimoja fanya hesabu ya athari yake. Nikaketi nje na kalamu. Kufuli ya mlango wa ua. Majembe mtini. Orodha ilikuwa fupi kiasi cha kunitia aibu, kwa hiyo nikaongeza kitu ambacho hakikuwepo, cherehani moja, hatua sitini, nione tu.

Nguvu ya kipande cha chuma hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inabaki moja ya nane. Nawafundisha wasichana wa kidato cha nne jambo hilo. Hesabu ilichukua nusu ukurasa. Jibu lilikuwa kwamba cherehani yote, miguu na gurudumu na kila kitu, isingeusogeza mstari hata kwa sehemu ya kumi ya unene wake. Ingekuwa haionekani. Nikarudia hesabu. Nikairudia mara ya tatu kwa umbali wa hatua arobaini, na bado haikuonekana.

Mimi niliyekuwa napima mwendo wa kitu kilicho maelfu ya maili juu ya kichwa changu, sikuwa nimepima hiki. Niliamini barua iliyosema hatua mia, tena niliiamini kwa hiari, kwa sababu ilinifaa.

Nilifika Mtito Andei siku ya Ijumaa adhuhuri, joto limewaka, malori yamepangwa mpaka nje ya kituo cha petroli. Niliuliza fundi wa viti, nikaelekezwa mara moja. Alikuwa na chumba chenye mlango mpana, cherehani mlangoni, na vitambaa vya maua vimetundikwa mpaka darini. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinipa kiti, akamtuma jirani chai, akaendelea kushona maana dereva alikuwa anangoja.

"Mtoto?" nikauliza.

"Ako shule. Ameanza."

Nikatoa ile nusu ukurasa. Nikaiweka magotini. "Wifi, nimefanya hesabu. Cherehani yako haingeharibu kitu. Ungeshonea nyumbani tangu siku ya kwanza."

Hakuacha kukanyaga. "Najua," akasema.

"Unajuaje?"

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Zile wiki ulienda Nairobi, niliileta. Wamama wawili walinisaidia kubeba. Niliweka kwa chumba ya marehemu mwaitu, nikashona uniform ya shule siku nne, asubuhi mpaka jioni. Karatasi nikibadilisha saa sita."

Sikuhitaji kuuliza ni siku nne zipi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja karatasi ikuambie. Ingeandika, ningekuja nikuombe msamaha, niseme kweli wifi alikuwa na haki. Ukaosha. Ukasema ni safi. Nikakuuliza mara mbili." Akanyoosha kitambaa gotini. "Basi nikajua si mashine unakataa. Ni mimi."

"Si wewe."

"Ni nani sasa, Mwalimu?"

Alikuwa ameniita Mwalimu. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniita hivyo. Nikajaribu kusema ukweli, kwa mara ya kwanza, nao ulitoka vibaya. Nikasema niliogopa kelele. Niliona akilini wanawake wakiingia kupimwa nguo, wakicheka, watoto wao wakikimbia uani, nami nilitaka kukaa kimya na kazi yangu. "Niliogopa watu," nikasema.

"Na mimi nilikuwa watu?"

Nilianza kulia pale pale, mbele ya dereva wa lori aliyejifanya anasoma bei ya vitambaa. Nikamwambia nyumba imenishinda. Nikamwambia kiapo nilichomwapia mama. Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyeuona ukuta wa ndani, na kwamba jioni zile za kuhesabu mawimbi kutoka pande mbili ndizo nilizokuwa nikizifikiria kila siku tangu aondoke. Nikamwambia arudi, nitang'oa kibanda chote kikitakiwa.

Alinitazama mpaka nikamaliza. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ya kawaida.

"Ungesema hiyo maneno pale kwa mlango ya ua," akasema. "Ama ile siku ya maharagwe. Hata ile siku nilikuambia naenda, nilingoja." Akachukua kitambaa kingine, akakiweka chini ya sindano. "Sasa mtoto ameanza shule. Na hapa wananiita fundi."

Nyuma yangu dereva alikohoa. Mwingine alikuwa amesimama mlangoni na kiti cha lori begani.

"Sogeza kiti kidogo, Mwalimu," wifi akasema, "mteja apite."

Nikasogeza.